Kampeni ya Time to Change: kilichobadilika England na kilichogoma

Dodoso ambalo serikali ya Uingereza ilianza kulitumia 1994 kupima mtazamo wa watu wa England kuhusu ugonjwa wa akili lilikuja kutulia kwenye sentensi 27. Mhojaji husoma moja moja, mhojiwa naye hutaja kama anakubali kabisa, anakubali kiasi, hana upande, anakataa kiasi au anakataa kabisa. Ipo inayosema wenye matatizo ya afya ya akili wawe na haki ya kazi sawa na mtu mwingine yeyote. Hiyo wengi huipitisha haraka. Ipo pia inayosema wanawake wengi waliowahi kulazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili wanaweza kuaminiwa kuachiwa watoto wawalee. Hapo watu husita, na wanaokubali wamekuwa wachache miaka yote.

Anayejibu ni yuleyule, kwenye kikao kilekile. Kwa hiyo mtu akiuliza kama kampeni za uhamasishaji hubadilisha mtazamo wa jamii, aulizwe kwanza: kwenye sentensi ipi? Time to Change, kampeni ya kupinga unyanyapaa wa ugonjwa wa akili iliyoendeshwa England kuanzia 2007 hadi 2021, ni kisa kinachofaa kulijibia swali hilo kwa sababu ni kati ya kampeni chache ambazo watafiti waliingizwa kabla tangazo la kwanza halijarushwa. Takwimu zake nzuri zimetangazwa sana. Zile mbaya, ambazo zina faida zaidi kwa anayepanga kampeni yake, zimesomwa na wachache.

Ilivyopangwa

Haikuwa mara ya kwanza kujaribu. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa magonjwa ya akili kilikuwa kimeendesha kampeni ya Changing Minds kuanzia 1998 hadi 2003. Hata hivyo, kati ya 2000 na 2003 mtazamo wa umma ulizorota, na ulizorota zaidi England kuliko Uskoti, ambako kampeni ya taifa iitwayo see me ilizinduliwa 2002. Tofauti hiyo haikuthibitisha kwamba kampeni ya Uskoti ndiyo iliyozuia anguko, lakini iliwapa waombaji fedha wa England hoja waliyokuwa wakiitafuta.

Mashirika ya Mind, Rethink na Mental Health Media yakaungana, na kazi ya tathmini wakapewa watafiti wa King's College London, akiwamo Graham Thornicroft, Claire Henderson na Sara Evans-Lacko. Fedha za awamu ya kwanza, takriban pauni milioni 20, zilitoka kwenye mfuko wa bahati nasibu ya taifa na shirika la Comic Relief. Zinasikika nyingi. Ukizigawa kwa wakazi milioni 52 wa England wa wakati ule unapata kama peni 40 kwa kila mtu kwa miaka minne, yaani peni 10 kwa mwaka. Awamu ya pili, 2011 hadi 2015, Wizara ya Afya nayo ilitoa fedha. Malengo yaliandikwa kwa tarakimu tangu mwanzo: mtazamo wa umma uboreke kwa 5%, na ubaguzi wanaoupata wagonjwa upungue kwa 5%.

Matangazo yalipoanza Januari 2009 hayakumlenga kila mtu. Yalilenga watu wa umri wa miaka 25 hadi 45 wa kipato cha kati, wale wasiojiona kuwa wabaguzi ila mwenzao akirudi kazini baada ya kulazwa hawamsogelei. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mwenye chuki ya wazi hageuzwi na tangazo la sekunde 40, ilhali hawa wa katikati ni wengi, na ndio mabosi, wazazi, majirani na wapangishaji wa nyumba.

Fedha za matangazo hazikutawanywa mwaka mzima. Zilitumika kwa mawimbi: kwa wiki kadhaa televisheni, redio, sinema, magazeti na mtandao vyote vinasema jambo moja, kisha kimya. Kabla na baada ya kila wimbi, watu wa kundi lengwa walihojiwa. Katika awamu ya kwanza, waliokumbuka kuiona kampeni walipoonyeshwa matangazo yenyewe walikuwa kati ya 38% na 64%, kutegemea wimbi. Maana yake, hata katika kundi ambalo fedha zote zilielekezwa kwake, kuna mawimbi ambayo zaidi ya nusu ya watu hawakuyaona kabisa, au waliyaona yakapita.

Pembeni ya matangazo palikuwa na shughuli za kukutanisha watu ana kwa ana katika miji, mafunzo kwa wanafunzi wa udaktari, kazi na waajiri, na kuanzia Februari 2014 siku maalumu ya kila mwaka ya kuzungumza, Time to Talk Day.

Kilichopimwa, na jinsi kilivyopimwa

Vipimo vilikuwa vinne, na ni vyema kutovichanganya.

Cha kwanza ni maarifa: je, mhojiwa anajua kwamba wengi wenye ugonjwa wa akili wanataka kazi ya mshahara, kwamba dawa na tiba ya mazungumzo husaidia, kwamba watu hupona? Cha pili ni zile sentensi 27 za mtazamo. Cha tatu ni mwenendo, nacho kina sehemu mbili za maswali manne manne. Sehemu ya kwanza inauliza kama mhojiwa amewahi kuishi, kufanya kazi, kuwa jirani au kuwa rafiki wa karibu wa mtu mwenye tatizo la afya ya akili. Ya pili inauliza kama angekuwa tayari kufanya hayo manne siku zijazo. Vyote hivi vilitumika kwa sampuli ya watu wazima wapatao 1,700 kila mwaka, wakihojiwa nyumbani kwao.

Kipimo cha nne hakikuuliza umma chochote. Kiliwauliza wagonjwa. Kila mwaka wakala tano za huduma za afya ya akili zilichaguliwa, barua zikatumwa kwa watumiaji wa huduma, na karibu watu 1,000 wakahojiwa kwa simu kuhusu maeneo 22 ya maisha: familia, marafiki, ndoa na uchumba, kutafuta kazi, kubaki kazini, nyumba, polisi, daktari wa kawaida, daktari wa akili na mengineyo. Swali ni moja: katika miezi 12 iliyopita, ulitendewa isivyo haki hapa kwa sababu ya ugonjwa wako?

Hiki cha nne ndicho chenye uzito, kwa sababu mtu anaweza kumpendeza mhojaji mlangoni lakini mgonjwa anajua alivyotendewa. Kina udhaifu wake pia. Waliojibu barua walikuwa karibu mmoja kati ya kumi, au pungufu ya hapo. Kama aliyechoka na kukata tamaa hajibu barua, picha inatoka nzuri kuliko hali. Kinachoweza kutetewa ni ulinganisho wa mwaka kwa mwaka, maana udhaifu uleule ulirudi kila mwaka. Kiwango chenyewe kichukuliwe kwa tahadhari.

Hapa kuna hesabu ambayo wapangaji wengi wa kampeni huiruka. Ukiwa na watu 1,700 mwaka huu na wengine 1,700 mwaka ujao, na nusu wanakubali sentensi fulani, tofauti yoyote iliyo chini ya pointi 3.4 hivi inaweza kuwa bahati ya sampuli tu. Ukiwa na watu 300 tu kila upande, kama tathmini nyingi za miradi midogo zinavyofanya, pengo hilo linafika pointi 8. Lengo la 5% ukiwa na sampuli ya watu 300 ni lengo lisiloweza kuonekana hata likifikiwa.

Awamu ya kwanza ilileta nini

Upande wa umma, mwenendo wa kukusudia uliboreka kati ya 2009 na 2012. Watu wengi zaidi walisema wangekuwa tayari kuishi, kufanya kazi au kuwa jirani wa mtu mwenye ugonjwa wa akili. Ukubwa wa badiliko ulikuwa 0.07 ya kizio kiitwacho mchepuko sanifu. Kwa lugha ya kawaida: chukua mtu mmoja yeyote wa 2009 na mwingine yeyote wa 2012, uwezekano kwamba huyu wa pili yuko tayari zaidi ni kama 52%. Ukirusha sarafu unapata 50%. Badiliko lipo, halikanushiki, ila ni dogo kiasi hicho.

Mtazamo wa zile sentensi 27 ulielekea juu bila kuvuka mstari wa uhakika wa kitakwimu. Maarifa hayakusogea. Mwenendo halisi, yaani watu waliosema kweli wanaishi au wanafanya kazi na mtu wa namna hiyo, nao haukusogea.

Wanakampeni wengi huamini ngazi: kwanza mtu ajue, halafu mtazamo ubadilike, kisha atende. England ngazi hiyo haikupandwa kwa mpangilio huo. Utayari ulitangulia, maarifa yakabaki chini. Matangazo yenyewe yanaeleza sababu. Hayakufundisha dalili za sonona wala tofauti ya skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo) na ugonjwa wa hisia mbili. Yalionyesha mtu na rafiki yake, kimya kinachowakaa, na namna ndogo ya kukivunja: mpigie simu, muulize yu hali gani, muandalie chai. Watu walijifunza walichoonyeshwa.

Upande wa wagonjwa, waliosema wametendewa vibaya angalau eneo moja walikuwa 91% mwaka 2008 na 88% mwaka 2011. Pointi tatu katika miaka mitatu, na kitakwimu zikiwa ukingoni kabisa. Lengo la 5% halikufikiwa kwa kipimo hicho. Ukiangalia kipimo kingine, yaani kati ya maeneo yanayomhusu mtu ni sehemu gani alibaguliwa, wastani wa kati ulishuka kutoka 40% hadi 28%. Kwa hiyo karibu kila mgonjwa bado alikuwa anabaguliwa mahali fulani, lakini mahali palipungua.

Mahali penyewe ndipo kiini cha kisa hiki. Ubaguzi ulipungua kwa familia, marafiki na maisha ya kijamii. Kwa wahudumu wa afya ya akili haukupungua. Mgonjwa aliyeacha kukwepwa na shemeji yake aliendelea kuongeleshwa kama mtoto na muuguzi. Na hilo halishangazi ukifikiria: tangazo linamfikia mtu akiwa nyumbani, akiwa dada au rafiki wa mtu. Muuguzi wa wodi anafuata taratibu, zamu na uhaba wa watumishi. Isitoshe, wahudumu hukutana na wagonjwa wakiwa wamezidiwa. Aliyepona na kurudi kazini hawamwoni tena, kwa hiyo uzoefu wao wa kila siku unawaambia watu hawaponi. Tangazo la sinema haliwezi kushindana na uzoefu wa kila siku.

Wanafunzi wa udaktari walipewa mafunzo yao mahususi, yakiendeshwa pamoja na watu waliowahi kuugua na jamaa zao. Walipimwa kabla, mara baada, na baada ya miezi sita, wengine wasiopata mafunzo wakiwa kundi la kulinganisha. Mara baada ya kikao walikuwa mbele kwa maarifa na mtazamo. Miezi sita baadaye tofauti ilikuwa karibu yote imeyeyuka. Kikao kimoja hakishindi miaka mitano ya wodi. Mratibu yeyote wa semina ya siku moja anayepima watu wakiwa bado ukumbini, kabla ya chakula cha mchana, anapima kitu ambacho huenda Desemba hakitakuwapo.

Kazi na pesa

Ajira ilikuwa na kikwazo ambacho hakuna kampeni ingekiondoa. Matangazo yalianza Januari 2009, mdororo wa uchumi ukiwa umeshika kasi. Uchambuzi wa nchi 27 za Ulaya ulionyesha kwamba mwaka 2006 ukosefu wa kazi ulikuwa 12.7% kwa wenye matatizo ya afya ya akili na 7.1% kwa wengine. Mwaka 2010 ulikuwa 18.2% na 9.8%. Pengo liliongezeka kutoka pointi 5.6 hadi 8.4. Mwajiri anaweza kuwa amebadilika moyoni na bado akampunguza kwanza yule mwenye rekodi ya likizo za ugonjwa.

Kwa upande mwingine, gharama ya kampeni yenyewe ilionekana nafuu. Watathmini walikadiria kwamba, tukichukulia nusu ya badiliko lote ilitokana na kampeni, kumfanya mtu mmoja awe na mwenendo bora wa kukusudia kuligharimu pauni 4 kwa kiwango cha juu. Hiyo "tukichukulia nusu" ndiyo inayobeba mzigo wote wa hesabu, na ni dhana tu.

Ni kampeni kweli?

England haikuwa na eneo la kulinganisha. Kila mkoa ulipata matangazo. Kwa hiyo kila badiliko baada ya 2009 lina wadai wengi, na miaka ile ilijaa matukio.

Tarehe 14 Juni 2012 wabunge Kevan Jones na Charles Walker walisimama bungeni wakaeleza magonjwa yao ya akili. Mwaka uliofuata sheria ilifuta vizuizi vilivyowazuia baadhi ya wenye historia ya ugonjwa wa akili kuwa wabunge, wazee wa mahakama au wakurugenzi wa kampuni. Septemba 2013 maduka ya Asda yalikutwa yakiuza vazi la Halloween lililoitwa la mgonjwa wa akili: koti lililopakwa damu bandia na panga la kuchinjia. Mtandaoni watu waliowahi kulazwa wakaanza kuweka picha zao wakiwa wamevaa fulana na jinsi, wakiandika kwamba hilo ndilo vazi lao la mgonjwa wa akili. Asda ikaliondoa na kuipa Mind pauni 25,000. Haikupita muda, tarehe 7 Oktoba, gazeti la The Sun likatoka na kichwa kikubwa cha ukurasa wa mbele kuhusu watu 1,200 waliouawa na wagonjwa wa akili.

Sasa nani apewe sifa ya vazi lile kuondolewa? Kampeni ilikuwa imefundisha maelfu ya watu kujieleza hadharani bila aibu, na bila wao zile picha zisingekuwapo. Lakini hasira haikupangwa na ofisi yoyote. Njia ya uaminifu ni kusema kampeni iliandaa watu, tukio likawakuta wako tayari.

Kuna ushahidi wa namna mbili unaosaidia kidogo. Wa kwanza: kwenye kundi lengwa, waliokumbuka kampeni walikuwa na alama bora kuliko wasioikumbuka. Huo ni dhaifu, maana anayejali jambo ndiye anayekumbuka matangazo yake. Wa pili ni wa mbali: Ujerumani kati ya 1990 na 2011 watu walizidi kuelewa kwamba skizofrenia ina chanzo cha kibaiolojia, huku hamu ya kukaa mbali na mwenye skizofrenia ikiongezeka, Marekani kati ya 1996 na 2006 maelezo ya kibaiolojia yalienea na unyanyapaa haukushuka. Kwa hiyo si kweli kwamba dunia nzima ilikuwa ikielekea kwenye wema na England ikabebwa na mkondo. Pia inaonya dhidi ya ule ujumbe unaopendwa sana, "ni ugonjwa kama kisukari". Kumwambia mtu kwamba ubongo wa jirani yake una hitilafu kunamwondolea jirani lawama, lakini hakumfanyi atake kupangisha naye nyumba moja.

Magazeti yalipimwa pia: magazeti 27 ya taifa na ya mikoa, siku mbili za kila mwezi zikichaguliwa kwa bahati nasibu, kila habari ikitiwa alama ya kunyanyapaa, kupinga unyanyapaa au kutokuwa upande wowote. Miaka ya kwanza habari nzuri ziliongezeka bila zile mbaya kupungua. Ilibidi kungoja hadi 2016 ndipo habari za kupinga unyanyapaa zikawa nyingi kuliko za kunyanyapaa. Na hata hapo faida haikugawanywa sawa: sonona iliandikwa kwa huruma, skizofrenia ikabaki kwenye kurasa za mauaji na mahakama. Hapa kampeni inastahili lawama yake. Nyuso zilizochaguliwa kwa matangazo mara nyingi zilikuwa za watu ambao mtazamaji wa kipato cha kati angeweza kujiona ndani yao, na hiyo ilifanya kazi kwa sonona na wasiwasi. Anayesikia sauti na kuzungumza peke yake kwenye basi alinufaika kidogo.

Baada ya fedha kwisha

Kufikia 2019 kampeni ilitangaza badiliko la 12.7% la mtazamo tangu 2008, ikakadiria hilo kuwa watu milioni 5.4. Tarakimu hiyo ya pili isomwe kwa makini: hakuna aliyehesabu watu milioni 5.4 waliobadilika. Ni alama ya wastani iliyogeuzwa kuwa vichwa vya watu ili ieleweke kwa mfadhili. Hata hivyo, badiliko la miaka kumi na moja ni kubwa kuliko lile la miaka mitatu ya kwanza, na linaonyesha kwamba muda ulikuwa kiungo muhimu kuliko ubora wa tangazo lolote.

Ufadhili ulikoma, na tarehe 31 Machi 2021 kampeni ikafungwa. Uchunguzi wa 2023 ulikuta maarifa na utayari wa kukaa karibu na mgonjwa vimeshuka chini ya vilipokuwa 2019. Zile sentensi za mtazamo hazikuporomoka namna hiyo. Sehemu ya mshuko inaweza kutokana na njia ya kuhoji, kwa sababu mahojiano ya mlangoni yaliachiwa ya mtandaoni, na mtu akiwa peke yake na skrini hukiri mambo ambayo asingemwambia mgeni aliyekaa sebuleni. Janga la korona na ugumu wa maisha uliofuata navyo vimo. Lakini utayari, ambao ndio uliokuwa wa kwanza kupanda, ulikuwa pia kati ya vilivyoshuka matangazo yalipozimwa, na hilo linaendana na tabia ya kitu kinacholishwa na matangazo.

Kwa anayetaka kuiga huku kwetu

Time to Change ilivuka mipaka: mpango wake wa kimataifa ulifanya kazi na mashirika ya Kenya na Uganda, pamoja na Ghana, Nigeria na India. Kwa hiyo swali la kuiga si la nadharia.

Jambo la kwanza la kuangalia ni sheria. Kampeni ya England ilimwambia mtu azungumze, na akizungumza hapelekwi polisi. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo iliweka kosa la namna hiyo katika kifungu cha 217. Kumhimiza mtu aseme "nilijaribu kujiua" mahali ambapo kauli hiyo ni kukiri jinai ni kumtia hatarini, hata tangazo liwe zuri vipi. Fedha za kwanza ziende kwa mawakili, za redio zifuate.

La pili ni picha iliyo kichwani mwa anayehojiwa. Ukimuuliza mtu wa Dodoma au Kisumu kama angeishi jirani na mwenye ugonjwa wa akili, huenda anamfikiria yule anayezurura sokoni bila viatu. Wa London huenda anamfikiria mfanyakazi mwenzake aliyechukua likizo. Alama zao hazilinganishiki. Dawa yake inajulikana: mpe mhojiwa maelezo ya mistari mitano au sita ya mtu mmoja, jina, umri, kazi, na dalili zilivyoanza miezi sita iliyopita, bila kutaja ugonjwa, kisha uliza maswali ya ukaribu kuhusu mtu huyo. Andaa maelezo mawili, moja la sonona na moja la skizofrenia, na kila mhojiwa apewe moja kwa bahati nasibu. Hapo ndipo utajua kama kampeni yako inawasaidia wote au wale tu waliokuwa wakionewa huruma tayari.

La tatu ni ukubwa wa sampuli. Kama unataka kuona badiliko la pointi 5 kwa uhakika wa kawaida wa kitafiti, yaani uligundue mara nane kati ya kumi, unahitaji watu kama 1,570 kabla na idadi hiyohiyo baada. Ukihoji kwa makundi, mtaa kwa mtaa au kijiji kwa kijiji, majirani hufanana majibu, kwa hiyo ongeza nusu yake: karibu 2,350 kila upande. Kama bajeti inatosha watu 300 tu, usiahidi pointi 5. Utaweza kuona pointi 11 au zaidi, na hakuna mawimbi machache ya redio yanayoleta pointi 11. Kwa bajeti hiyo ni afadhali uache kuhoji umma, uwahoji wagonjwa 300 na jamaa zao kuhusu miezi 12 iliyopita.

La nne ni kile ambacho England haikuwa nacho: mtaa wa kulinganisha. Fedha zikiwa chache, kampeni haiwezi kufika kila mahali kwa wakati mmoja, na huo udhaifu ni fursa. Orodhesha wilaya au kata zitakazofikiwa ndani ya miaka mitatu, zipange kwa kura nani aanze mwaka wa kwanza na nani wa tatu, na upime zote tangu mwanzo. Redio ya kijamii isiyovuka kata mbili inafaa kuliko stesheni ya taifa kwa sababu hiyo hiyo: unajua nani hajasikia.

La tano ni mkutano wa ana kwa ana. Mtu aliyepona akipanda jukwaani, akatoa ushuhuda dakika kumi, akapigiwa makofi na kupanda gari kurudi mjini, huo si mkutano. Kinachohitajika ni wenye hadhi sawa, kazi ya pamoja, na muda. Fundi cherehani aliyewahi kulazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, akifundisha vijana sita wa mtaa wake kukata sare za shule kwa wiki nane, hao sita wamekutana naye. Mlipe kwa kazi hiyo kama fundi mwingine yeyote, na usimwombe aeleze ugonjwa wake siku ya kwanza, watamuuliza wenyewe. Kabla hajaanza, kubalianeni naye kwa maandishi ni nani atakayempigia simu akizidiwa, ni nani atakayeshika darasa wiki hiyo, na kwamba malipo yake hayatakatwa. Miradi mingi huruka hapo, akazidiwa wiki ya tatu, vijana wakabaki na somo lilelile walilokuja nalo.

La sita ni wahudumu wa afya. Wasiwekwe kwenye fungu moja na umma. Panga vikao vinne ndani ya mwaka badala ya kimoja, kila kimoja kikiwa na mgonjwa aliyewahi kuhudumiwa wodi hiyohiyo na sasa anafanya kazi, na pima mwezi wa kumi na mbili, si siku ya kufunga semina. Swali la kupimia liulizwe kwa wagonjwa wanaotoka wodini: uliambiwa jina la dawa yako, uliongeleshwa wewe au aliyekusindikiza, mlango wa choo ulikuwa na komeo?